Kifaa kimejaa maneno, mbona mwanangu hana la kusema?

Shikamoo Shangazi,

Nina kijana wa miaka 13. Alizaliwa na mtindio wa ubongo, na mdomo wake hautoi maneno ila sauti chache ambazo sisi wa nyumbani tumezizoea: moja ya kukubali, moja ya kukataa, na kicheko chake ambacho kila mtu anakielewa. Akili yake ni timamu. Anafuatilia mazungumzo, anacheka mzaha kabla wengine hawajaupata, na shuleni ameshaanza kusoma silabi na maneno mafupi. Hutumia kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Ni polepole, lakini akilenga hakosi.

Mwaka jana tulipata kishikwambi chenye programu ya mawasiliano. Unabonyeza picha, sauti inatamka neno. Nilikesha nikikijaza. Nilianza na kurasa za wanyama, rangi, matunda, nguo, vyombo vya nyumbani na viungo vya mwili, kisha nikaweka ukurasa wa mahitaji: maji, chakula, choo, kulala, dawa. Kwa jumla zimefika picha 200 na ushei, na kila moja nimeitafuta mwenyewe.

Anachobonyeza ni "maji" na "choo", basi. Nikimwambia, "Nionyeshe ng'ombe," ananionyesha mara moja kisha anageuza uso. Nikirudia swali anakisukuma kifaa pembeni. Mwalimu wake anasema picha ni nyingi mno, nizipunguze zibaki kumi mpaka azizoee. Baba yake ana hofu kwamba kifaa kitamfanya aache hata hizo sauti chache alizo nazo.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Binamu yake wa miaka 15 alikuja likizo, akaongeza kitufe kimoja alichokirekodi kwa sauti yake mwenyewe: "Acha ujinga!" Kijana wangu alikibonyeza siku nzima huku akicheka mpaka machozi. Nikaona ni utoto, nikawaacha. Wiki iliyofuata mjomba wangu akaja kutusalimia. Tumekaa sebuleni, mjomba akaniuliza, "Hivi huyu anaelewa tukiongea, au mnakisia tu?" Kabla sijajibu, kifaa kikasema, "Acha ujinga!" Mjomba alinyamaza kimya. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikakichukua kile kifaa, nikamwomba mjomba radhi, na usiku huohuo nikakiondoa kitufe. Tangu siku hiyo kijana hataki kukigusa kifaa, hata kwa maji.

Shangazi, nikirudishe kile kitufe au niache? Nizipunguze picha kama mwalimu anavyotaka? Na ni maneno gani hasa anayoyahitaji mtu kama yeye?

Ni mimi, mama anayetaka kumsikia mwanawe

*

Marahaba, mwanangu.

Kirudishe leo, kabla hujasoma barua hii mpaka mwisho. Na unapokirudisha, mwambie kijana ana kwa ana kwamba haikuwa sawa kumnyang'anya.

Najua hukutarajia jibu hilo, kwa hiyo tuirudie ile siku pole pole. Mtu mzima aliuliza swali kuhusu kijana mbele ya kijana, akimwita "huyu". Kijana alisikia, akaelewa, akaumia. Akaufikia ukurasa, akalenga kitufe kwa kidole chake kimoja, na akawahi kujibu kabla mama yake hajafungua kinywa. Jibu lilikuwa la maneno mawili, limemlenga mtu aliyestahili kujibiwa, na maana yake ilikuwa hasa ile aliyoikusudia. Mjomba aliuliza kama anaelewa. Amejibiwa. Mimi nimekaa na familia za watoto wasiosema kwa mdomo miaka mingi katika kazi yangu ya tiba ya usemi na lugha, na mtoto akinijibu hivyo siandiki kwamba amekosa adabu. Naandika kwamba ameanza kuzungumza.

Ukali wa lile jibu upo, siukatai. Lakini pitia kurasa zako zote uniambie kijana angetumia nini badala yake. Ng'ombe? Bluu? Kikombe? Hakuwa na "Ninaelewa kila kitu." Hakuwa na "Niulize mwenyewe." Hakuwa na "Umeniudhi." Alikuwa na kauli moja tu ya kumjibu mtu, na aliitumia. Adabu hufundishwa mtu mwenye maneno ya kuchagua. Mpe hizo kauli tatu, ziweke karibu na ile ya binamu, kisha mwambie kama ungemwambia kijana yeyote wa miaka 13: kwa mkubwa tunatumia hii, kwa binamu tunatumia ile. Na mjomba naye umwambie lake: akitaka kujua jambo la kijana, amwulize kijana, halafu angoje. Kungoja huko kunaweza kuchukua dakika nzima. Anayesema kwa mdomo hutoa maneno zaidi ya 100 kwa dakika. Anayetumia kifaa mara nyingi hafikishi 15. Ukimya uliopo katikati ni mtu anayeandaa jibu, na wageni wengi huukatiza kwa swali la pili.

Sasa nije kwenye swali lako kubwa, la maneno gani.

Mbao nyingi za mawasiliano, yaani kurasa za vitufe kama zako, ninazoziona zimejazwa kama ulivyojaza wewe, kwa upendo na kwa kukesha, na karibu zote zina kasoro moja. Aliyezijaza alijiuliza, "Atahitaji nini kutoka kwetu?" na "Anajua kutaja nini?" Hakujiuliza, "Angekuwa na mdomo, angesema nini?" Mwaka 1988 mtafiti Janice Light alieleza kwamba watu huwasiliana kwa sababu nne: kuomba wanachotaka au kuhitaji, kupeana habari, kujenga ukaribu, na kutimiza taratibu za heshima kama kusalimia na kushukuru. Ukurasa wako wa mahitaji unatimiza sababu ya kwanza. Kurasa za wanyama na rangi hazitimizi hata moja, maana hakuna anayepewa habari mtoto akionyesha ng'ombe. Wewe ulishajua kwamba ni ng'ombe. Ule ni mtihani. Kijana anakujibu mara moja kwa heshima yako, na ukirudia anachoka kama ambavyo wewe ungechoka mtu akikushika kila asubuhi akutajie rangi ya pazia. Ukaribu hukumwekea chochote. Binamu ndiye aliyemwekea, na angalia kilichotokea: siku nzima ya kucheka.

Maneno yanayobeba mazungumzo ya watu ni machache na yanajirudia kila mahali. Tunayaita msamiati wa msingi. Mwaka 2003 Meher Banajee na wenzake walichapisha utafiti wa maneno ya watoto 50 wa Marekani wenye miaka miwili hadi mitatu, wanaosema bila shida. Orodha ya maneno waliyoyatumia zaidi, mchezoni na wakati wa kula, ilijaa "nataka", "hapana", "yangu", "hiyo", "zaidi", "nenda", "msaada". Jina la kitu halikuwemo hata moja. Watoto wadogo kabisa, ambao sisi tunadhani wanaishi kwa kutaja paka na mpira, walikuwa wanaendesha maisha yao kwa maneno ya kukataa, kudai na kuelekeza. Kituo cha elimu ya kusoma kwa watu wenye ulemavu cha Chuo Kikuu cha North Carolina nacho kimetengeneza ubao wa kuanzia wenye maneno 36 tu ya aina hiyo.

Lakini usichukue orodha ya Kiingereza ukaitafsiri, nakuomba sana. Nimeona mbao za namna hiyo na zinawafunga watoto. Kiingereza hupanga vineno vidogo vilivyosimama kimoja kimoja; Kiswahili hubandika. "Sitaki", "nimechoka", "twende", "hawanipi", kila moja ni sentensi nzima. Ukiweka kitufe cha "mimi", kingine cha "si" na kingine cha "taka", kijana atabonyeza mara tatu, na kifaa kitamtamkia "mimi si taka", lugha ambayo hakuna mtu anayeizungumza. Wenzake watamcheka, naye atakuwa na haki ya kuacha.

Kwa hiyo vitenzi vya kila saa viweke vikiwa vimekamilika: nataka, sitaki, naweza, siwezi, najua, sijui, napenda, nimemaliza, nimechoka, twende, njoo, nipe, nisaidie, angalia, subiri, acha. Vizungushie maneno yasiyobadilika, ambayo yana nguvu kuliko ukubwa wake: tena, bado, basi, zaidi, sasa, baadaye, jana, kesho, hapa, pale, kwa sababu, lakini, pia. Weka maneno ya kuuliza, yote, maana mtoto asiye na "nani", "wapi", "lini" na "kwa nini" hujibu maisha yake yote na hauulizi ulimwengu chochote. Weka "yangu" na "yako". Weka "hii" na "ile" za kuelekezea, na akibonyeza "hii" badala ya "hiki" au "huyu", usimsahihishe. Umeelewa, endelea na mazungumzo.

Halafu kuna jambo katika barua yako ulilolitaja kwa kupita tu, nami nikalishika kwa mikono miwili: anasoma silabi. Mfungulie ukurasa wa silabi. Ba, be, bi, bo, bu, na kuendelea, safu kwa safu, pamoja na zile za cha, sha, nya, mba, nda, nga, na m iliyosimama peke yake. Kiswahili kinasomeka kinavyoandikwa, kwa hiyo akiisikia silabi kichwani ataipata kwenye ubao. Tazama pia kwamba viambishi vyetu vingi ni silabi tayari: ni, tu, wa, na, li, ta, me, ha. "Tutacheza" ni vibonyezo vinne. "Hawanipi" ni vinne. Ukurasa mmoja unampa sarufi, unamwendeleza kusoma, na unampa kitu ambacho wewe na mimi hatuwezi kumwekea hata tukikesha mwaka mzima, yaani neno ambalo hatukulifikiria. Mwanzoni atatoa vipande: "mwa" ya mwalimu, "ki" ya kitabu. Kisia kwa sauti, akuthibitishie kwa ile sauti yake ya kukubali. Usingoje aweze kuandika neno zima ndipo umfungulie ukurasa.

Hapa niwapinge kidogo wenzangu wa fani. Baadhi yao wameushika msamiati wa msingi mpaka ubao umebaki "weka, geuza, fungua, zaidi", na jina la rafiki wa mtoto halimo. Kijana wa miaka 13 ni nani bila majina ya watu wake? Majina ya marafiki, na yale ya utani wanayoitana. Timu anayoishabikia na ile asiyoipenda. Mchezo wanaoucheza kwenye simu. Mwimbaji anayemkubali mwezi huu, ambaye mwezi ujao atakuwa mwingine. Maneno haya hayatumiki kila mahali, lakini ndiyo yanayomfanya mtu akae karibu naye dakika kumi zaidi. Wewe si mtu wa kuyachagua, mwanangu, na mimi pia siye. Mwachie binamu. Mwambie akae na kijana mchana mmoja, waongeze wanavyotaka kwenye ukurasa wao: "Usinitanie." "Umesikia kilichotokea?" "Nani amekwambia?" "Twende nje." "Huyo muongo." "Umependeza leo," ambayo usiulize ni ya nani.

Utaniuliza kuhusu matusi. Kipimo changu ni hiki: neno ambalo binamu haruhusiwi kulitamka mbele yako, kijana naye haruhusiwi kulitamka mbele yako. Wanayoambiana wakiwa wawili uani ni yao, na kitufe chake kiwe kwenye ukurasa wa faragha. Kumsafishia mtoto kinywa kuliko watoto wote wa nyumba ile ni kumweka kando.

Mambo mengine hayangoji siku ya furaha, nayo nataka yawemo wiki hii. Kwanza, maumivu. "Naumwa" haimsaidii daktari wala wewe usiku wa manane. Kiswahili kimetujalia maneno ya maumivu kwa wingi: inauma, inachoma, inavuta, inapwita, inawasha, imekufa ganzi, kichefuchefu, kizunguzungu. Yaweke pamoja na picha ya mwili, mbele na nyuma, ili aonyeshe mahali, na pamoja na "tangu jana", "imeanza sasa", "imezidi", "imepungua".

Pili, mwili wake na usalama wake. Kwenye viungo vya mwili uliweka nini? Nakisia kichwa, mkono, mguu, tumbo. Weka na sehemu za siri kwa majina yake halisi, hata kama mkono unasita. Weka "Usiniguse", "Ameniumiza", "Simtaki huyu anisaidie", "Nataka kuzungumza na mtu mwingine", na majina ya watu wote wanaomhudumia, nyumbani na shuleni, wewe na baba yake mkiwemo. Kijana anayeogeshwa na kuvalishwa na wengine yuko katika hatari ya kudhulumiwa kuliko wenzake, na mdhalimu humchagua asiyeweza kusimulia. Mengine yote kwenye barua hii unaweza kuyafanya kwa raha zako. Hili lifanye sasa.

Tatu, maneno ya kurekebisha mazungumzo yanapokwama, ambayo watu wanaosema kwa mdomo hawayafikirii kwa sababu wanayo bure: "Subiri, bado naandika." "Usinimalizie sentensi." "Hukunielewa." "Niulize maswali ya ndiyo na hapana." "Nimebonyeza kwa bahati mbaya." Na iliyo muhimu kuliko zote kwa mwenye ubao: "Neno ninalolitaka halimo humu." Kauli za namna hii ziwe nzima, kibonyezo kimoja, kwa sababu mtu akimkatiza hana muda wa kuunga neno kwa neno. Ndivyo ninavyogawa siku zote: jambo la haraka na la mazoea liwe kauli kamili, jambo la kufikiri na kusimulia lijengwe kwa neno moja moja.

Kuhusu mwalimu. Ana haki ya kuona kwamba picha ni nyingi, lakini dawa ya kubakiza kumi siikubali. Kumi zipi? Zitakuwa maji na choo na nyinginezo za kuomba, na kijana atarudi palepale. Kinachomchosha ni kwamba hazimfai, wingi wake ni jambo la pili. Ondoa rangi na wanyama kwenye ukurasa wa mbele, zikae ndani kwa ajili ya somo. Ukurasa wa mbele uwe wa msamiati wa msingi, wenye vitufe vingi kadiri kidole chake kinavyolenga bila kukosea. Ukiona anafika 40 au 60 kwa uhakika, usimpe kumi kwa kumwonea huruma. Kama ni lazima kuanza na vichache, programu nyingi zinaruhusu kuficha kitufe bila kukifuta. Ficha, ili kila neno lifunguke baadaye mahali pake palepale. Ukishaliweka neno mahali, usilihamishe tena. Kidole hujifunza njia, kama vidole vya mpiga kinanda, na kila ukipanga upya unamrudisha darasa la kwanza.

Neno ambalo halijabonyezwa mwezi mzima usilifute kwa haraka vilevile. Jiulize kwanza ni nani amewahi kumwonyesha linavyotumika. Mtoto anayesema kwa mdomo husikia neno mara nyingi mno kabla hajalitamka, na anawasikia wanaosema kama yeye. Wako hajawahi kumwona mtu mzima akizungumza kwa kifaa. Kwa hiyo bonyeza wewe. Ukisema, "Nimechoka, twende," gusa "nimechoka" na "twende" huku ukisema. Ukikosea, gusa "hapana, siyo hiyo." Baba yake abonyeze akishabikia timu. Usimwombe kijana arudie, usimpime, usimshangilie kama mtoto mdogo akibonyeza. Mjibu tu alichosema. Akibonyeza "acha", acha, hata kama ni jambo ulilotaka liendelee, isipokuwa ni dawa au usalama, hapo mwambie, "Nimekusikia, hutaki, na sababu ya kuendelea ni hii." Neno la kukataa lisilosikilizwa hufa upesi.

Hofu ya baba yake ni ya kawaida na imechunguzwa. Mwaka 2006 Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walikusanya tafiti zilizofanywa kwa uangalifu wa kutosha kuhusu jambo hilo, zenye watu 27 wenye ulemavu wa makuzi. Hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na usemi kwa sababu ya kutumia njia nyingine ya mawasiliano, na asilimia 89 yao waliongeza, wengi wao kwa kiasi kidogo. Sikuahidi kwamba wako atasema kwa mdomo. Nakuambia kwamba sauti zake alizo nazo hazitaibwa na kifaa, na uendelee kuzipokea kama maneno halali. Akikubali kwa sauti yake ya kukubali, usimwambie, "Sema kwa kifaa."

Sasa namna ya kuyakusanya maneno. Weka daftari jikoni, na moja liende shuleni. Msiandike maneno, andikeni hali. "Alikasirika tulipozima runinga, hakuwa na namna ya kusema." "Wenzake walisimulia mechi, yeye alicheka tu." "Alitazama dirishani mara nyingi, nikakisia dakika tano ndipo nikajua gari la jirani halipo." Kila mstari wa namna hiyo ni kitufe kinachokosekana, na mara nyingi utagundua si jina la kitu. Lile la gari la jirani, kwa mfano, lingeisha kwa "halipo" na "kwa nini".

Baada ya hapo kaa naye. Yaandike maneno yanayopendekezwa kwenye vikaratasi, umsomee moja moja, naye achague kwa kidole au kwa macho marundo matatu: liwemo, lisiwemo, sijui. La rundo la pili lisiingie, hata kama unalipenda sana. La rundo la tatu liingie kwa majaribio. Hapa ndipo mama wengi huumia, kwa sababu kijana hukataa picha walizozitafuta kwa shida. Mwache akatae. Mwaka 1992 kamati ya pamoja ya vyama vya wataalamu Marekani iliandika hati ya haki za mawasiliano za watu wenye ulemavu, ikaisahihisha mwaka 2016, na haki ya kukataa imo, pamoja na haki ya kuwa na kifaa kinachofanya kazi wakati wote. Wakati wote ni pamoja na wakati amekosea na anaadhibiwa. Mnyime runinga, mnyime kutoka nje, lakini kifaa kibaki mikononi mwake, ajitetee.

Mchagulie pia sauti, au tuseme achague yeye. Programu nyingi zina sauti kadhaa, na kijana anayezungumza kwa sauti ya mwanamke mtu mzima huona haya mbele ya wenzake. Kama programu yako haina sauti ya Kiswahili inayomfaa, binamu amekwisha kuonyesha njia: rekodini. Sauti ya kijana wa miaka 15 inamkaa vizuri zaidi kuliko mashine inayotamka "mwalimu" kama mgeni. Ukurasa wa silabi ndio utakaohitaji mashine au subira ya kurekodi silabi moja moja, na mchana mmoja wa vijana wawili unatosha kufika mbali.

Mwisho, piga chapa ukurasa wa mbele na ule wa silabi kwenye karatasi ngumu, vitu vikiwa mahali palepale kama kwenye kioo cha kifaa, uzifunike kwa plastiki. Betri huisha, mvua hunyesha, kifaa hakiingii bafuni. Nakala moja iwe kwenye kiti chake, moja kwenye meza ya mwalimu, moja mlangoni pa choo. Na ile ya mwalimu iwe na maneno yote, asiifunike kwa mkono akabakiza kumi.